Pemba ya Herufi Kubwa

Tatizo la simu ni kwamba haina herufi kubwa. Useme Pemba, kisiwa, au useme pemba, ule udongo wa vijiti wanaoutafuna wajawazito, sikio la mwanaume linapokea neno lilelile. Na kama mwanaume mwenyewe ni Optatus wangu, amesimama kwenye matope ya Gulwe huku mafundi wanamwita kila upande, basi ataelewa lile lililo rahisi.

Lakini hayo niliyajua baadaye. Jumatatu ile nilikuwa ofisini Mtumba, hapa Dodoma, nimevua viatu chini ya meza kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Simu yake ilipoingia nilitoka nayo mbio hadi koridoni, pekupeku, kama msichana aliyetongozwa jana. Karibu mwezi mzima sikuwa nimemtia machoni. Mvua zilikuwa zimeiharibu reli ya zamani kule Gulwe, na yeye ndiye msimamizi wa mafundi wa kuitengeneza. Alikuwa analala kwa mama yake hukohuko Gulwe, na mama yake alikuwa analala kwangu Area D kunitazama na mimba yangu. Yaani tulibadilishana: Gulwe ilipewa mume, mimi nikapewa mama mkwe.

"Unaendeleaje, mama kijacho?" aliniuliza.

"Naendelea. Mwanao anacheza mpira humu."

"Unakula?"

"Nakula."

"Kuna kitu unakitamani? Sema chochote."

Nilichokuwa nakitamani ni yeye. Lakini hilo halisemwi koridoni, Charles wa masjala anapita na kikombe chake cha chai, masikio yamesimama. Nikasema la pili.

"Natamani Pemba, Opta."

"Pemba?"

"Eeh. Usiku kucha naiota."

Akacheka, kile kicheko chake cha puani kilichonifanya nimpende. "Hilo tu? Ijumaa nakuja. Tunalimaliza."

"Kweli? Na Mama je? Si atakataa?"

"Mama niachie mimi. Kwani kuna mjamzito asiyetaka pemba?"

Sentensi hiyo ya mwisho niliiona ya ajabu kidogo. Lakini mwenye furaha haulizi sana. Nilirudi mezani, nikaomba likizo siku hiyohiyo.

Lazima nieleze kwa nini Pemba, maana wenzangu ofisini wote waliniuliza, kwa nini si Unguja kama watu wengine.

Optatus alikwenda Pemba mara moja tu maishani, akiwa chuo, na rafiki yake Nasri ambaye kwao ni Wete. Siku aliyonieleza habari hizo tulikuwa bado hatujaambiana lolote la maana. Tumekaa juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba ya dada yake, tunakula zabibu za kikapuni, na kila mmoja anajifanya anatazama mji. Akaniambia kule karafuu zinaanikwa kwenye majamvi pembeni ya lami. Gari likipita, harufu inaingia mpaka unahisi umekaa ndani ya sufuria ya pilau. Nilicheka mpaka zabibu ikanipalia. Akanipigapiga mgongoni, kisha mkono wake ukasahau kuondoka. Akasema taratibu, "Nitakupeleka, Evelina. Tukioana, fungate letu ni Pemba."

Hakuna mtu aliyewahi kuliita jina langu hivyo. Nyumbani ni Eva, ofisini ni Dada Eve. Yeye alilitamka lote, bila haraka.

Tulioana. Wiki ya harusi baba yake akaugua, fungate likawa hospitali. Halafu mzee akafariki, halafu mvua, halafu kazi, halafu mimba. Sikulalamika. Lakini miezi ya karibuni niligundua jambo dogo lililokuwa linanichoma: Optatus ameacha kuniita jina langu. Nimekuwa mama kijacho. Nimekuwa mama. "Mama, umelala?" "Mama, umekunywa maji?" Na mtoto akizaliwa nitakuwa Mama Fulani, mtaa mzima, maisha yangu yote. Nilitaka kabla ya hapo nipelekwe mahali, siku chache tu, ambako mume wangu hana reli wala mafundi, aniite kama alivyoniita juu ya lile jiwe. Muuguzi wa kliniki aliniambia mimba ikiingia mwezi wa saba nitulie nyumbani. Mwezi wa sita ulikuwa unaisha.

Basi wiki ile nilikuwa na mabawa. Simu ya Optatus kule matopeni haikupatikana tena, lakini ahadi nilikuwa nayo. Nilikata tiketi za treni ya umeme ya kwenda Dar, za Jumamosi asubuhi, yangu na yake; za ndege tungekata hukohuko. Nikaongea na Nasri, akasema atatupokea uwanja wa ndege wa Pemba, na mama yake ameshaanza kutandika kitanda. Nikasuka. Nikashona dera la rangi ya zambarau, pana la kumficha mtoto na majirani zake.

Mama mkwe wangu alikuwa anaangalia tu. Jumatano akashindwa kunyamaza.

"Mkwe wangu, huko mnakokwenda kuna nini?"

"Kuna bahari, Mama. Na karafuu."

"Karafuu si zipo hapo dukani kwa Shaibu?" Alikuwa anachambua mlenda, na vidole vyake havikusimama. "Mjamzito anapelekwa kliniki. Matembezi hapelekwi. Tena juu ya maji! Maji nayajua mimi, nimekaa nayo Gulwe. Yakija hayabishi hodi."

"Tunapanda ndege, Mama. Hatupiti majini."

"Ndege! Ndiyo mbaya zaidi. Mtoto wa kwanza wa Optatus mnataka akazaliwe mawinguni?"

"Opta amesema ataongea na wewe."

"Hajaongea."

"Ataongea Ijumaa."

Akanitazama kwa jicho la pembeni, kisha akarudi kwenye mlenda wake. "Haya. Tutamsikia."

Ijumaa jioni nilikaa barazani nimevaa lile dera, sanduku liko nyuma ya mlango wa chumbani. Nilisikia pikapu ya kazini kwao ikipunguza mwendo, na moyo ukaanza vituko vyake. Geti likafunguka.

"Mbukwenyi!" akaita, salamu ya kwao, kama kawaida yake akifika.

Alikuwa amekonda. Matope yalikuwa yamekaukia kwenye buti zake, na ndevu zilikuwa zimeota ovyo. Lakini macho ni yaleyale, na yaliponiona yalisimama. Kwa muda ule mfupi hakuna aliyesogea. Mimi nilikuwa nayanywa macho yale, sina haya ya kusema, nilikuwa na kiu ya mwezi mzima. Halafu macho yakashuka, yakafika tumboni, yakabaki huko. Akaja, akachuchumaa mbele yangu, akaweka mkono juu ya tumbo.

"Shikamoo baba," akamtania mwanawe. "Hujambo humo ndani?"

Mimi nilikuwa juu ya hapo, nasubiri zamu yangu.

"Shikamoo Mama," alisema mama yake alipotoka, akainuka kumpa mkono.

"Marahaba, mwanangu. Umechakaa. Gulwe hawakupi chakula?"

"Wananipa, Mama. Mvua ndiyo inakula na mimi." Akanigeukia, anatabasamu kwa fahari, akaingiza mkono kwenye begi lake. "Na wewe, mzigo wako huu. Nimeuhangaikia. Huu si wa hapa sokoni, nimeagiza ule mzuri, mlaini, unanukia mvua."

Akaniwekea mapajani kifurushi cha gazeti. Nilidhani ni khanga. Nilidhani ni kofia ya jua, sijui nilidhani nini. Nikakunjua.

Vijiti vya udongo, vimepangwa vizuri. Vingi, vya kunitosha mpaka mtoto aanze shule.

"Pemba," akasema.

Mama mkwe ndiye aliyeelewa kwanza. Alishika nguzo ya baraza, akacheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa khanga. "Karafuu hizo, mkwe wangu!" akasema. "Karafuu za Gulwe hizo!"

Optatus alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akatazama dera na nywele mpya. Bado alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu aliyeingia kwenye mazungumzo katikati. Mimi niliinuka na kifurushi changu nikaenda chumbani. Sikutaka kulia mbele ya mtu aliyesafiri kutoka Gulwe ananiletea zawadi. Huo ndio ubaya wa jambo lenyewe, hata kukasirika vizuri huwezi.

Alinifuata. Akaliona sanduku nyuma ya mlango.

"Hili la nini?"

"La Pemba, Optatus. Kisiwa. Kile cha kwa akina Nasri."

Akakaa kitandani, buti na matope yake. Kwa mara ya kwanza sikumfokea kwa ajili ya shuka.

"Nilifikiri..."

"Najua ulichofikiri. Nimekishika mkononi. Na kliniki wamenikataza kukila, kwa taarifa yako."

"Mama, kelele zilikuwa nyingi pale. Ulisema unaiota, nikajua ni zile tamaa za..."

"Ni tamaa. Nani amekwambia si tamaa?" Sauti yangu ilikuwa inapanda, nikaishusha kwa sababu ya mwenye masikio barazani. "Hukukumbuka kabisa? Neno Pemba likisemwa na mimi, wewe ukumbuke udongo?"

Akavua kofia, akaizungusha mikononi. "Nimekumbuka sasa hivi, nilipoona hilo dera. Lile jiwe. Zabibu ikakupalia."

"Umechelewa."

"Nimechelewa. Nisamehe." Alisema kwa upole mpaka hasira yangu ikakosa pa kukaa. "Tutakwenda. Nakuahidi. Mtoto akishazaliwa, akipata nguvu, tunakwenda wote watatu."

"Wote watatu! Opta, mimi nataka wawili. Nataka mara hii moja tuwe wawili, maana hatutakuwa tena. Mtoto nampenda, namsubiri, kila usiku naongea naye. Lakini mimi bado niko hapa. Umekuja leo umemsalimia yeye. Mimi hukunisalimia."

Akalitazama tena sanduku.

"Mara ya mwisho kuniita jina langu lini?" nikamuuliza.

"Si nakuita kila siku?"

"Unaniita mama. Mama yako yuko barazani, anachekelea. Mimi jina langu nani?"

Aliinuka. Alinisogelea karibu mno, harufu ya jasho na chuma cha reli ikanifikia, harufu niliyokuwa naitafuta kwenye mto wake usiku na siipati. Akanishika uso kwa mikono yote miwili. Viganja vilikuwa vigumu kama ubao. Macho yake yalikuwa kwenye macho yangu, hayakushuka popote. Akavuta pumzi ya kusema.

Simu ikalia.

Iliita, ikakatika, ikaita tena. Niliona kwenye uso wake kwamba anajua ni ya nani. "Pokea," nikamwambia.

Alipokea akiwa amenigeuzia mgongo. "Ndiyo... Tuta lote?... Kuna watu upande wa pili?... Sawa. Alfajiri natoka." Alipogeuka hakuwa mtu wa dakika ile iliyopita. Alikuwa msimamizi wa mafundi.

"Maji yamekata tuta la reli," akasema. "Fundi Abeli yuko peke yake na vijana. Siwezi kumwacha."

"Najua huwezi."

"Nisamehe."

"Usiniombe msamaha kwa ajili ya mvua." Nilikaa, nikaanza kupapasa kufuli ya sanduku bila sababu. "Mimi nitakwenda. Mwezi wa saba ukiingia ndiyo basi, na Nasri amejiandaa. Nitakwenda mwenyewe."

"Peke yako? Na hali hiyo? Hapana. Nakuomba sana, mama, hapana."

Mama. Lilimtoka tu, wala hakulisikia. Mimi nililisikia vizuri, na sikuwa na nguvu ya kuendelea kubishana. Tulikula ugali wetu kwa adabu, watu watatu, na yule wa nne akinipiga mateke. Tulilala mgongo kwa mgongo, na kusema kweli wote wawili tulikuwa macho.

Alfajiri alivaa taratibu asiniamshe. Nilikuwa nimefumba macho. Alisimama mlangoni muda mrefu kuliko inavyochukua kufungua mlango. Sema, nilimwambia moyoni, liseme tu, nitaruka kitandani. Hakusema, pengine kwa kuogopa kuniamsha. Pikapu ikaunguruma nje, ikaondoka na mume wangu, na mimi ndipo nikalia. Nililia kwa sauti, mto mdomoni.

Nilipotoka, mama mkwe alikuwa jikoni anakoroga uji wa uwele. Hakugeuka.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Treni yako saa ngapi?"

Nilidhani ananikejeli. "Siendi, Mama. Umeshinda."

"Nimekuuliza saa."

Nikamwambia. Akapakua uji, akanisogezea bakuli, akaketi kwenye kigoda akinitazama usoni. Kwa kawaida hanitazami usoni, wala mimi simtazami. Ndivyo tulivyolelewa wote wawili.

"Kuta za nyumba hii ni nyembamba," alisema.

Nikatazama uji.

"Baba yake Optatus," akaendelea, "alikuwa ananiita jina langu. Shambani, kwenye ng'ombe, popote. Akiwa mbali analipigia kelele mpaka watu wanamcheka. Optatus akazaliwa, nikawa Mama Optatus. Sikukasirika. Nilifurahi, nani hafurahi? Halafu mzee akaugua. Pale hospitalini, siku za mwisho, nilikuwa namwambia moyoni, liseme basi mara moja kabla hujaenda. Akaniomba maji. 'Mama Optatus, maji.'" Akakunja upindo wa khanga. "Nikampa maji."

Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa.

"Kunywa uji," akasema. "Halafu kwenye simu yako huko, ile tiketi ya Optatus wabadilishe, waandike mimi."

"Mama! Si ulisema maji..."

"Nilisema nayajua. Sikusema siyataki. Na huko kwa Nasri wewe huwezi kwenda peke yako na tumbo hilo, na hapa huwezi kubaki unalia kwenye mto wangu. Ule mto nilitoka nao Gulwe."

Nilipiga simu ofisi ya tiketi. Dada wa upande wa pili akasema nafasi ipo, kisha akaniuliza jina la abiria. Nikafungua mdomo. Niko kwenye ndoa na mwanawe, tunakula chungu kimoja, amenikanda mgongo usiku, na jina lake sijawahi kulitamka. Kwa kweli sikuwa nalijua.

"Mama," nikasema, "wanataka jina."

Alijinyoosha kwenye kigoda, akaweka sawa khanga kichwani kama mtu anayepigwa picha.

"Anna," akasema.

Kabla hatujatoka nilimwandikia Optatus: *Tunaondoka na Mama, treni ya asubuhi. Behewa la pili, dirisha la kushoto. Tukipita Gulwe tazama.* Ujumbe ukabaki na tiki moja. Pale kwenye tuta mtandao ni wa kubahatisha, ukiinua simu juu unapata, ukiishusha umepoteza. Nilijua hivyo, na bado niliitazama ile tiki njia nzima hadi stesheni.

Mama alipanda treni kama mtu anayeingia kanisa la wenzake, anakanyaga polepole. Alikagua kiti. Alikagua kioo. "Hiki hakifunguki?"

"Hakifunguki, Mama. Kuna kiyoyozi."

"Sasa mtu atakuagaje?"

Dodoma ikaanza kurudi nyuma, mawe, zabibu, mabati mapya, halafu nchi ikawa ya kijani jinsi inavyokuwa kwa wiki chache tu kwa mwaka. Nilikunywa maji kama muuguzi alivyoniagiza, nikainuka kunyoosha miguu, nikarudi. Tiki moja. Mama alitoa kifurushi cha gazeti kwenye kikapu chake, akavunja kijiti kimoja cha udongo, akaanza kutafuna bila haraka.

"Mama, umekibeba?"

"Nikiache kioze? Wewe umekatazwa. Mimi sijakatazwa." Akatafuna tena. "Kaagiza mzuri, lakini. Tusimnyime haki yake."

Nikacheka, na kucheka kukanifungulia machozi tena. Nilimtaka Optatus pale kwenye kiti cha jirani. Nilitaka ule ugumu wa kiganja chake. Nilijiona mjinga, mwanamke mzima namfuata mume wangu kisiwani kwa kumwacha nyuma. Karafuu nitazinusa, ndiyo, lakini nani atanipigapiga mgongoni?

Treni ikapunguza mwendo. "Gulwe," akasema Mama, kabla sauti ya kipaza haijasema. Nje, ng'ambo ya uzio, reli ya zamani ilionekana imening'inia hewani mahali tuta lilipoondoka, na watu wadogo wadogo wenye kofia za njano walikuwa wamejaa kwenye matope. Niliwatafuta mmoja mmoja. Treni ikasimama. Wachache wakashuka, wachache wakapanda. Pembeni ya uzio hapakuwa na mtu ila mbuzi.

"Hajaona ujumbe," nikasema.

"Subiri."

"Mama, treni hizi hazisubiri."

Mlango ukafungwa, nikausikia. Treni ikaanza kusogea, taratibu sana. Na simu ikatetemeka mkononi mwangu. Tiki mbili. Kisha zote mbili zikageuka bluu.

"Yule!" Mama alipiga kioo kwa kiganja. "Yule pale! Optatus!"

Alikuwa anakuja mbio kutoka kwenye reli ya zamani, buti zinazama na kung'oka, kofia imemtoka, mkononi ameinua simu juu. Alifika kwenye uzio akaendelea kukimbia sambamba nao, anatazama dirisha moja baada ya jingine, na mimi nimeganda kwenye kioo na tumbo langu, napunga kwa mikono yote miwili. Akaniona. Macho yakanipata usoni, yakakaa hapohapo. Tumbo lilikuwa limejaa dirishani na hakulitazama.

Alikuwa anapiga kelele. Mishipa ya shingo ilimsimama. Kioo kile hakipitishi hata mlio wa mvua, sikusikia kitu. Alisema, akavuta pumzi, akasema tena, na tena, neno lilelile, anakimbia.

"Anasemaje?" Mama aliniuliza, kanishika bega. "Wewe una macho mazuri, anasemaje?"

Neno mama huwezi kulisema bila kufunga midomo. Jaribu. Na Pemba ni hivyohivyo, iwe kisiwa au udongo, lazima midomo ikutane. Ya Optatus haikukutana hata mara moja. Meno ya juu yaligusa mdomo wa chini, kidogo tu, kisha mdomo ukafunguka, ulimi ukapanda, na mwisho ukabaki wazi, mpana, kama alivyouacha wazi siku ile juu ya jiwe.

Uzio ukaisha na korongo likaanza, na hakuweza kuendelea. Akasimama kwenye ukingo, mikono imeshika kichwa. Bado alikuwa analisema.

"Ananiita, Mama," nikasema.

Anna akashusha kijiti chake cha udongo mapajani, akatazama nje ambako mwanawe alikuwa anazidi kuwa mdogo.

"Basi itika," akaniambia. "Anakuita, itika."

Niliweka midomo karibu na kioo mpaka pumzi yangu ikakitia ukungu.

"Abee," nikaitika.